Fistula ya mama imenyamaza, tusubiri Jumatano?

Binti wa Bahi: Wakuu habari za jioni. Mama anasafishwa damu kwa mashine ya figo Dodoma mjini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tunatokea Bahi. Ana fistula mkono wa kushoto, ule mshipa waliounganisha kwa operesheni wa kuchomea sindano za mashine, kila siku nikiweka kiganja pale naisikia inatetemeka kama simu iko vaibresheni. Sasa jana walimtoa maji kilo tatu na nusu, presha ikashuka akasikia kizunguzungu, tukarudi akalala moja kwa moja mpaka asubuhi, leo nashika kumetulia kimya, mshipa mgumu kama kamba na anasema panauma. Jirani kasema tukande na maji ya moto. Nauli niliyo nayo ni ya Jumatano tu, tukisubiri kuna shida?

Mzee wa Kizota: Mwanangu usisubiri, hapo damu imeganda. Mimi nililalia mkono usiku kucha, asubuhi naushika hauvumi, nikasema ngoja zamu yangu ifike maana ilikuwa kesho kutwa. Nilipofika daktari akagusa tu akatikisa kichwa. Wakaniwekea mpira wa kusafishia damu shingoni, wakatengeneza fistula nyingine mkono wa kulia nikakaa karibu miezi mitatu nasubiri ikomae ndo ichomwe sindano. Ule mpira jamani, kuoga shida, kulala shida, homa ikija kidogo tu moyo unaruka.

Nesi wa mashine: Dada piga simu kitengo chenu SASA HIVI, usingoje kesho, waambie hivi hivi "fistula haitetemeki". Kabla saa 24 hadi 48 hazijapita bonge bado linaweza kutolewa na mshipa ukapanuliwa kwa puto, ila si kila hospitali inafanya hiyo kazi ndo maana uulize kwanza wawaelekeze pa kwenda. Msikande wala kuchua, bonge likichomoka linakimbilia kwenye mapafu. Akibanwa kifua au pumzi ikakata hapo ni dharura, hospitali ya karibu. Na msiruke kusafishwa, potasiamu ikipanda inasimamisha moyo, wakishindwa kuifungua fistula watamwekea mpira wa muda.

Mara nyingi mshipa unakuwa ulishaanza kuziba sehemu, presha ikishuka damu inapita polepole inaganda. Hebu kumbuka, siku za karibuni wakitoa sindano damu ilikuwa inachelewa kukata? Mkono ulivimba?

Binti wa Bahi: Eeh wiki mbili hizi tunakandamiza pamba hata nusu saa, nikajua ni kawaida tu 😭

Mgogo halisi: Aspirini si inayeyusha damu? Ampe hata moja.

Nesi wa mashine: Hapana kaka, bonge lililokwisha ziba haliyeyuki kwa aspirini, mtamletea kutoka damu bure. Binti, mkono huo asipimwe presha, asitolewe damu, asivae kitu cha kubana, na mkishafika mwambie yeyote atakayemshika.

Binti wa Bahi: Nimepiga, wamesema tuje usiku huu huu. Kumbe alikuwa na bangili imembana juu ya kiwiko, alivalishwa na mjukuu Jumapili kwenye kipaimara, nimeikata na mkasi alama imebaki kabisa. Bodaboda yuko mlangoni anatupeleka barabarani tudake gari inayotoka Singida. Nauli ya Jumatano ndo inaenda leo, ya kurudi Mungu anajua.

Mzee wa Kizota: Nenda mwanangu. Mkifika stendi niandikie inboksi, mimi niko mjini.