Fomu ya bima ya kuingia Zanzibar: nimezaliwa Wete, Pemba, nijaze "mgeni"?

Mama Mapacha, Milton Keynes:
Assalaam alaykum wanajamvi. Tunakuja Idi in shaa Allah, mimi na wanangu wawili, sote pasi za Uingereza. Jana nimekaa na fomu ya bima mpaka saa sita usiku. Ati mimi mkaazi au mgeni? Nimepiga simu ofisi moja huko nyumbani, bwana kanambia lete barua ya sheha, kiongozi wa mtaa. Sheha wa Milton Keynes nani? Nilipe dola 44 mara tatu, au vipi?

Mwana wa Mgogoni, Muscat:
Lipa tu dada, usitafute makuu. Mie mwaka juzi nimesimamishwa saa nzima kwa viza, mama mgonjwa ananisubiri. Hawa hawa wanaoita watalii kutwa!

Babu, Copenhagen:
Mwanangu, usichanganye mambo. Uhamiaji ni wa Muungano, utalii si wa Muungano. Ndiyo maana Bara wana TTB, Bodi ya Utalii, na sisi tuna Kamisheni yetu ya Utalii. Bima ni ya ZIC, Shirika la Bima la Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024, kwa mgeni asiye mkaazi, siku 92.

Mwana wa Mgogoni:
Sijachanganya, soma vizuri. Na kama kila mtu ana chake, mbona TTB walijitangaza nchi ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti?

Babu:
Hilo tusilifungue hapa.

Shangazi, Leicester:
Novemba nilikwenda WTM, maonyesho ya utalii London. Banda moja la kwetu: ukutani pwani ya Nungwi, Unguja, pembeni mkahawa wa juu ya jiwe wa Michamvi, mezani karafuu kwenye kisahani. Nikamuuliza kijana, karafuu za wapi hizi? "Za Zanzibar, bibi." Za Pemba, mwanangu! Na Pemba yenyewe iko wapi hapo ukutani? Kanipa kalamu. Popo wa msitu wa Ngezi hawapo, kisiwa cha Misali hakipo, mchezo wa ng'ombe haupo. Nimerudi na treni nanusa vidole. Nimekumbuka asubuhi tukichambua karafuu barazani kwa bibi, vidole vyeusi, harufu ya makonyo, vile vijiti vyake, mpaka kwenye chai.

Mama Mapacha:
Shangazi umeniliza. Lakini nijaze mgeni au mkaazi? Ukurasa umejifunga mara ya tatu sasa.

Babu:
Karafuu huchambuliwa usiku. Asubuhi huanikwa.