Baccarat ya laivu: mnaingia kwenye mstari mkono wa ngapi? Nina daftari la shuu 14

Bajaji_Kabwe
Wakuu habari za baridi, huku Mbeya leo asubuhi hata bajaji imegoma kuwaka. Nina swali kwa wazoefu wa kasino. Nina kama miezi miwili nacheza baccarat ile ya laivu kwenye simu, nikiwa kijiweni nasubiri abiria au usiku nikishapaki. Mwanzo nilikuwa nabeti kienyeji nikaliwa sana, sasa nimekuwa siriasi, nimenunua kaunta buku naandika kila mkono kashinda nani, B ni Banka na P ni Pleya, zile pande mbili za kubetia, mpaka leo nina shuu 14 kamili. Kwa asiyejua, shuu ni lile boksi wanalochomolea karata, humo ndani kuna paketi 8 yaani karata 416, na shuu moja inatoa mikono kama 80 hivi.
Nilichokiona kila shuu ina tabia yake. Kuna shuu ya mistari, Banka inapiga tano sita mfululizo, na kuna shuu ya kupokezana, B P B P kama watoto kwenye bembea. Sasa nikishasoma tabia, baada ya mikono 15 hivi, nachagua mfumo. Ya mistari natumia 1-3-2-6, yaani kila nikishinda dau linafuata hizo namba na nikiliwa narudi moja, ya kupokezana nabeti kinyume cha kilichotoka na nikiliwa nadabo mpaka ikubali. Mtaji 130,000, naanzia buku. Je kwenye mstari mnaingia mkono wa ngapi? Mimi wa nne. Na kudabo mnaishia hatua ya ngapi? Wale wa kamari ni dhambi nawaheshimu, piteni tu.

Mbao_Mafinga
Wa nne umechelewa mwanangu, mimi naingia wa pili. Mwaka jana nilikutana na Banka 11 mfululizo nikatoka na 340,000, usiku huohuo nikaagiza kuku mzima peke yangu. Hizo shuu zingine msiniulize 😂

Mwl_Ipogolo
Kamwene wote. Mdogo wangu wa Kabwe, mimi nafundisha hesabu na sitakuhubiria. Tuanze na hiyo dabo. Kwa buku moja, hatua saba ni 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000, jumla 127,000, kwa hiyo mtaji wako una pumzi ya hatua saba tu. Ukiziacha sare pembeni, Pleya inashindwa asilimia 50.68. Kuliwa saba mfululizo kwa Pleya inatokea mara moja katika kila mara 116 unapoanza. Maana yake mara 115 unakula buku buku, zinafika 115,000, halafu ya 116 inachukua 127,000. Ndio mfumo wenyewe huo, unakula kidogo kidogo kwa furaha kisha unatema chote siku moja.
Na kwa Banka kuna kitu wengi hawakioni, ile komisheni ya asilimia 5. Ukifika hatua ya sita umeshapoteza 31,000, unaweka 32,000, unashinda, unalipwa 30,400. Umeshinda na bado una hasara ya 600! Hatua ya saba ukishinda una hasara ya 2,200. Piga mwenyewe kwa kalamu usiniamini mimi.
1-3-2-6 angalau haikuui ghafla, ila inataka ushinde minne mfululizo ndio upate zile 12, na hiyo kwa Pleya ni kama mara moja kwa kila 17.
Halafu naomba kitu kimoja. Usiniambie unakumbuka nini, fungua hilo daftari uhesabu: mistari iliyofika 3 ni mingapi, na mingapi kati ya hiyo iliendelea hadi ya nne. Hesabu yote, hata ile iliyokuudhi.

Mama_Viazi_Uyole
Mdogo wangu alilipia grupu la signali, 20,000 kwa mwezi, admini anatuma "Banka sasa hivi" na watu wanaitika moto moto. Siku moja rafiki yake yuko grupu jingine la admini huyohuyo, dakika ileile kule kaandika Pleya. Yaani nusu ya wateja lazima wamwone nabii. Samahani nimetoka nje ya mada ila iliniuma, ile hela ilikuwa ya mbegu.

Dila_Mstaafu
Mimi niligawa karata kasino moja Dar miaka minne kabla sijarudi Njombe kulima parachichi. Niwaambie tu, mteja wa baccarat tulikuwa tunampa kalamu na karatasi ya kuandikia bure, na juu ya meza kuna skrini yenye viduara vyekundu vya Banka na bluu vya Pleya, historia nzima ya shuu, tena imechorwa kwa namna tano tofauti, mchoro mmoja wanauita wa mende. Mtu huyohuyo akihamia blackjack akaonekana anahesabu karata, anasindikizwa mlangoni. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kujiuliza kwa nini huku tunamnunulia kalamu.
Mle hakuna anayeamua chochote. Wazungu wote na kumi ni sifuri, ree ni moja, na msilete mambo ya albastini, huku saba ni saba tu haina hadhi yoyote. Pleya akiwa na 0 mpaka 5 anaongezwa karata, 6 na 7 anatulia, mmoja akipata 8 au 9 kwa karata mbili mchezo umeisha. Banka anafuata jedwali na anacheza wa mwisho, ndio maana ana kaubora kadogo na ndio maana anakatwa komisheni. Karata haijui juzi ilitoka nani. Kwa kila 100,000 unayozungusha, kwa wastani Banka inakula 1,060, Pleya 1,240, na ile sare ya kulipa 8 kwa 1 inakula 14,360, hiyo usiiguse kabisa.

Mbao_Mafinga
Sasa dila, mbona yule mcheza poka wa Marekani, Phil Ivey, aliwapiga London mamilioni ya pauni kwenye mchezo huuhuu? Si alisoma shuu?

Dila_Mstaafu
Hakusoma shuu, alisoma migongo ya karata kaka. Mwaka 2012, chapa ya nyuma haikuwa sawa pande zote, yeye na mwenzake wakaomba karata kubwa zigeuzwe kwa kisingizio cha bahati, wakawa wanajua inayofuata kabla haijafunuliwa. Pauni milioni 7.7. Na hawakumlipa, 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema huo ni udanganyifu. Wewe kwenye simu utageuza karata ya nani?

Bajaji_Kabwe
Mwalimu nimehesabu, nimetumia taa ya simu mpaka saa saba usiku. Mistari iliyofika 3 ni 124. Iliyoendelea ya nne 64, iliyokatika 60. Nilikuwa naapa inaendelea kama tatu kwa moja, sijui niliona nini. Halafu nikajaribu kutenganisha zile shuu nilizoandika juu "mistari" na zile za "kupokezana", mikono 15 ya mwanzo dhidi ya iliyobaki, hazifanani kabisa, kuna moja nimeiandika kupokezana ndani ina Banka tisa.

Mwl_Ipogolo
Na iliyofika 8? Maana kwa dabo yako ya kinyume, mstari wa nane ndio kuliwa mara saba.

Bajaji_Kabwe
Minne, mwalimu. Shuu 14, mara nne. Mitatu niliikuta sijaweka hela, nilikuwa naandika tu. Huo mmoja ni ile Banka tisa, Jumamosi iliyopita, sikuwaambia pale juu. Huo mtaji wa 130,000 niliotaja ni mpya, wa kwanza ulienda humo na ndani yake kulikuwa na hesabu ya bosi ya siku tatu. Nimemwambia bajaji ilikuwa gereji.