Mrejesho: mguu wa mama uliovimba baada ya safari

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini mguu wa kushoto wa mama yangu, muuza dagaa hapa Kirumba, Mwanza, ulivimba na kuuma siku chache baada ya kurudi kwa basi kutoka Dar es Salaam. Wengi mlimhimiza apimwe haraka, nami nawashukuru, kwa kuwa duka la dawa lilikuwa limeshampa vidonge vya maumivu tu.

Kipimo cha ultrasaundi kilionesha bonge la damu katika mshipa wa ndani wa paja, ule unaorudisha damu moyoni. Daktari alieleza kuwa kukaa muda mrefu bila kutembea hupunguza mwendo wa damu, na kwamba hatari kubwa ni bonge kumeguka na kuziba mshipa wa mapafu. Dawa aliyopewa, warfarini, haiyeyushi bonge. Huzuia lisikue wakati mwili wenyewe ukiliondoa taratibu. Ataitumia kwa angalau miezi 3, akipimwa damu mara kwa mara. Kisamvu hakukatazwa (hilo lilimfurahisha kuliko yote), ila kiasi kisibadilike-badilike, kwa kuwa mboga za majani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Uvimbe umepungua.