Diskasheni inanila muda, nijitoe nisome mwenyewe au nivumilie?

Mluguru Mpole: Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko fomu siksi PCM (fizikia, kemia na hesabu), shule ya kutwa hapa Moro, pepa ni Mei. Tuna grupu letu la diskasheni tuko 9, tunakutana jioni baada ya vipindi na Jumamosi asubuhi. Sasa shida ni kwamba mimi ndo nimegeuka ticha, mtu anakuja hajagusa hata swali moja anafungua daftari anasema "kaka hebu tupitishe hapa", basi nasimama na chaki mpaka giza linaingia, wengine wananakili tu na wawili wako TikTok chini ya dawati, narudi home nimechoka na cha kwangu sijagusa. Mshua anasema achana nao chumba cha mtihani kila mtu anaingia na kichwa chake, ticha wetu wa fizikia naye anasema nikijitoa nitajuta. Na nikijitoa wataniona nina roho mbaya maana tumetoka mbali na hawa watu. Mliopita huko naombeni ushauri, matusi sihitaji.

Jogoo la Shamba: Dogo jitoe fasta. Mimi nilipiga msuli mwenyewe usiku kwa taa ya mchina na wani nikaipata. Diskasheni nyingi ni vijiwe tu, umbea na kutongozana 😂

dada Pili: Mdogo wangu usimsikilize huyo Jogoo. Sisi tulikuwa wanne hosteli, siku moja likaja swali la mpira umerushwa wima kwenda juu, ukifika kileleni eksilereshini yake, yaani velositi (mwendo) inavyobadilika kila sekunde, ni ngapi. Kipanga wetu akajibu sifuri bila kupepesa macho, si umesimama? Mwingine akamuunga mkono. Kuna mmoja alikuwa anaburuza mkia kwenye fizikia kila mtihani, huyo ndo akauliza taratibu, "sasa kama ni sifuri nini kitaurudisha chini, si utabaki unaning'inia hukohuko?" Watu kimya. Velositi ndo sifuri pale juu, eksilereshini iko palepale 9.8 m/s² kuelekea chini. Yule kipanga angesoma peke yake angeenda nalo hivyohivyo mpaka kwenye pepa maana hakuwa na wasiwasi nalo hata kidogo, na kitu usichokitilia shaka huendi kukiangalia kwenye kitabu.

Jogoo la Shamba: Hiyo sawa dada, ila nyie mlikuwa wanne. Huyu anabeba watu nane mgongoni.

Ticha wa Namba: Hapo Jogoo umegusa penyewe. Nafundisha advansi mathe miaka mingi, naomba niongee kidogo. Kijana mnachofanya nyie sio diskasheni, ni tuisheni ya bure na mwalimu ni wewe. Kuna mhadhiri wa hesabu Marekani anaitwa Uri Treisman, miaka ya 1970 alikuwa chuo kikuu cha California, Berkeley, akashangaa mbona wanafunzi weusi waliokuja na matokeo mazuri kabisa kutoka shule zao wanaanguka kwenye kalkulasi, wakati wenzao wenye asili ya China wanafanya vizuri. Watu walikuwa na majibu yao tayari, oh hawajitumi, oh umaskini, oh wazazi. Jamaa akaamua kuwafuatilia wanavyosoma. Akakuta wale weusi wanajituma vizuri tu ila kila mtu kajifungia kivyake, akikwama hajui kama swali ni gumu kwa wote au ni yeye tu. Wale Wachina kwanza kila mmoja anafanya maswali yake peke yake, HALAFU jioni wanakutana, wanalinganisha majibu, wanabishana, wanakosoana. Akaanzisha vikundi vya hivyo, akawapa maswali magumu haswa sio ya kuwabembeleza, na matokeo yakapanda sana.

Kwa hiyo mshua wako na ticha wako wote wako sahihi, kusoma peke yako kunakuja kwanza na grupu linafuata. Tisa ni wengi, kateni mara mbili, wanne na watano. Mtu asiyekuja na karatasi ana jaribio lake, hata kama amekosea kuanzia mstari wa pili, asikae. Na nani anashika chaki okoteni vikaratasi vya majina palepale, ukijua jina lako linaweza kutoka utajiandaa tu hata kama hupendi. Wewe kipanga kazi yako iwe kuuliza "kwa nini", ukiona wanakwama acha wakwame kidogo.

Mama Wawili: Mwanangu muda pia uwe na mwisho, saa moja na nusu inatosha, mkitoka hapo kila mtu kwao. Na simu zikae kwenye kapu moja mlangoni. Wa kwangu walifanya hivyo mwaka jana, siku za mwanzo walinuna kweli.

Mluguru Mpole: Ticha nimekusoma. Ila nawaambiaje hiyo ya karatasi bila kuonekana najisikia? Wawili nawajua hawatakuja nayo.

dada Pili: Usiiweke kama sheria yako. Mwombe huyo ticha wa fizikia aitangaze yeye, tena aseme atakuwa anapita kuzikagua. Hao wawili watakuja na karatasi au hawatakuja kabisa, vyovyote vile wewe umepona.

Jogoo la Shamba: Hapo kweli, lawama mtupie ticha 😂 Ila dogo usiku wa kusoma mwenyewe usiuachie.

Mluguru Mpole: Nashukuruni sana. Swali la mwisho ticha, kemia je? Ile oganiki mbona ni kukariri tu, tutabishania nini?

Ticha wa Namba: Sio fani yangu ila nimeona wanavyofanya shuleni kwetu. Chukueni konvesheni, yaani kubadili kemikali moja iwe nyingine, mfano toka benzini mpaka benzoiki asidi, kila mtu aandike njia yake bila kuchungulia. Mmoja atapitia toluini halafu aoksidaizi kwa KMnO4, mwingine atapitia bromobenzini, Grignard (kemikali yenye magnesiamu), kisha kaboni dayoksaidi. Zote mbili zinafika. Wekeni ubaoni kila mtu atetee yake, kondisheni gani umeweka na kwa nini, mwenye kukariri tu mtamwona.

Mluguru Mpole: Grignard sisi huwa tunairuka 😅 Jumamosi tunaanza nayo.