Msaada: mama Mkurdi, wakalimani wawili, na bado hatuelewani

Dada_wa_Mapokezi: Wakuu, niko Ujerumani, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki. Kuna mama mtu mzima kutoka Dersim, Uturuki. Kwenye fomu niliandika "Kikurdi", akaja mkalimani kijana wa Sulaymaniyah, Iraki. Walisalimiana, kisha kimya. Kumbe kijana ni wa Kisorani, Kikurdi cha kwao. Nikamuuliza mama lugha yake, akasema "Kirmancki". Nikajua nimepata: Kikurmanji, Kikurdi cha wengi Uturuki! Akaja mkalimani wa Kikurmanji, dada wa Diyarbakır, Uturuki, naye akakwama. Miadi ni Alhamisi. Nimwite nani? Tena mjukuu wake wa miaka kumi kaniambia "sisi si Wazaza", sasa kabila niandike nini?

Pweza_Mkavu: Kikurdi ni kimoja bwana, wasikusumbue.

MzeeKipanga: Kimoja kwenye siasa labda, Pweza. "Mimi" kwa Kikurmanji ni *ez*, kwa Kisorani ni *min*. Kikurmanji cha Uturuki huandikwa kwa Kilatini, Kisorani kwa herufi za Kiarabu.

Dada, majina ndiyo yaliyokupiga chenga. Kirmancki ya Dersim ndiyo wengine wanaiita Kizaza. Watu wa huko wengi hujiita Kirmanc, na wao humwita msemaji wa Kikurmanji Kirdas! Nenda Bingöl, lugha ni ileile ila wanajiita Kird. Siverek ni Dimilî. Wanaisimu wengi hukiweka Kizaza nje ya Kikurdi, lakini wasemaji wake wengi wanajiita Wakurdi. Usiwaamulie. Mwambie Mngazija kwamba anaongea Kiswahili kilichopinda uone atakavyokujibu.

Bi_Shamsa: Mimi ni mkalimani. Usianze na jina la lugha, anza na wilaya na kijiji. Mtu wa Duhok, Iraki, atakwambia Kibadini, nacho ni Kikurmanji hichohicho, jina tu limetoka kwenye uemiri wa zamani wa Bahdinan. Fomu iandike alivyosema mama: Kirmancki, Dersim, na pembeni Kizaza ili ofisi ya wakalimani ielewe. Kabila achana nalo, daktari halihitaji. Na kabla ya miadi waunganishe kwa simu dakika mbili.

Dada_wa_Mapokezi: Asante Bi Shamsa. Nimempata bwana wa Tunceli, ambayo kumbe ndiyo Dersim kwa jina la serikali. Zile dakika mbili zimekuwa ishirini. Presha hawajaitaja bado, wako kwenye habari za kijijini.