Tupeane uzoefu: taa za tela zinazowaka zikitaka na kuzima zikitaka

Mwanzisha mada, Morogoro

Wadau, habari za majukumu. Ninafanya kazi ya kukodisha viti na maturubai, na mzigo wote husafiri kwenye tela la ekseli moja linalovutwa na pikapu yangu aina ya Hilux. Kwa miezi mitano nilisumbuliwa na ugonjwa mmoja: gari likiwa limesimama uani, taa za tela zinawaka zote, tukishika barabara zinazima, kisha zinarudi zenyewe bila mtu kuzigusa. Mzizi wake nimeupata mwezi uliopita. Naomba niueleze, halafu nanyi mlete ya kwenu, maana naamini wengi wetu tunalipia balbu ambazo hazina kosa lolote.

Mara ya kwanza trafiki alinisimamisha karibu na Mikese akaniambia kwamba nyuma sina taa kabisa. Nikateremka, nikawasha, zikawaka zote mbele ya macho yake. Alinitazama, akazitazama, akaniruhusu niende. Mara ya pili hazikuwaka, nikaondoka na faini ya shilingi 30,000. Fundi wa kwanza alibadilisha balbu, wa pili akabadilisha flasha ya indiketa, wa tatu akabadilisha balbu zile zile tena. Wote walipima gari likiwa limesimama, na likiwa limesimama halikuwa na ugonjwa.

Nilifumbuliwa macho usiku mmoja tulipokuwa tukipakia viti baada ya harusi. Kijana wangu aliwasha indiketa ya kushoto nami nikiwa nyuma ya tela. Taa ya kushoto ilikuwa inawaka kwa uchovu, na taa nyekundu ya upande wa kulia, ambayo haikuhusika kwa lolote, ikawa inapepesa kwa mapigo yale yale. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba umeme ulikuwa unafika kwenye balbu lakini umekosa njia ya kurudi kwenye betri, ukawa unajipenyeza kupitia nyuzi za balbu nyingine. Kwa maneno mengine, ethi ilikuwa imekufa.

Waya mweupe wa ethi ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya rangi ya mkono wa tela, na chini ya bolti kulikuwa na kutu tupu. Siku zote hizo umeme ulikuwa unarudi kwa kupitia kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Tela likitulia, uzito wake hukandamiza chuma kwa chuma na taa zinawaka. Likianza kurukaruka juu ya grisi, mguso unakatika. Nilipima kwa mita, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha tela, taa zote zikiwa zimewashwa: ikasoma zaidi ya volti 3, na kijana alipopanda juu ya mkono wa tela namba zikabadilika kila alipohamisha mguu. Nilisugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga kichwa kipya cha waya kwa bolti mpya na kupaka grisi juu yake baada ya kukaza. Mita ikashuka hadi 0.1. Tangu hapo nimekwenda Kilosa na kurudi mara nne, na hakuna taa iliyozima.

Mchangiaji, Tanga

Ndugu mwanzisha mada, umenigusa. Mimi ninavuta boti ya uvuvi, na kwangu adui ni maji ya chumvi. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilikuwa nikirudi nyuma hadi baharini huku plagi ikiwa imechomekwa. Balbu iliyopata moto kwa taa za breki ikiguswa na maji ya baridi hupasuka, na ile ambayo haikupasuka huanza kuota ukijani kwenye kikalio chake. Siku hizi plagi ndiyo kitu cha kwanza ninachochomoa kabla gurudumu halijalowa.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii ni kwamba chumvi hupanda ndani ya waya. Kwa nje ganda la plastiki ni zima, lakini ukilimenya unakuta shaba imekuwa nyeusi kama mkaa. Ukiunga juu ya shaba ya namna hiyo umefanya kazi bure, kwa sababu baada ya wiki mbili taa zitaanza tena kucheza. Tela langu nililikata waya kipande baada ya kipande nikitafuta shaba inayong'aa, na nilipofika karibu nusu mita niliacha kukata nikanunua waya mpya wote.

Mchangiaji, Nakuru

Yangu yalikuwa mengine kabisa. Fyuzi ya taa za nyuma ilikuwa inakatika, lakini si kila siku. Kuna wiki ingekaa salama, na kuna siku ingekatika mara mbili kabla sijafika Naivasha. Nilitambua kwamba imekatika kwa sababu taa za dashibodi zilizima pamoja nayo, maana kwenye gari langu zinakula fyuzi moja. Nikawa nabeba fyuzi mfukoni kama mtu anavyobeba peremende.

Mke wangu ndiye aliyeniuliza kama nimewahi kuangalia ni kona gani. Nikaanza kuangalia, na kweli, ilikuwa kona kali za kushoto tu. Kebo ya tela ilikuwa fupi. Gari likikunja kushoto kebo inavutika, inalala juu ya ukingo wa chuma, na ganda lake lilikuwa limeshasagika pale mpaka waya wa taa za nyuma ukawa unagusa chesisi. Gari likinyooka, waya unaachia. Uani nisingeliona jambo hilo hata ningekaa mwaka mzima, kwa kuwa uani hakuna anayekata kona. Nasihi kwamba kebo iwe na ulegevu wa kutosha kwa kona kali, lakini isiwe ndefu kiasi cha kuburuzwa na lami.

Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam

Wakuu, naomba nitetee kidogo fani yangu, ingawa lawama nyingine ni halali. Mteja akileta gari lenye hitilafu inayokuja na kupotea, jambo la kwanza ni kujua iko upande gani, kwenye gari au kwenye tela. Nilijitengenezea ubao wenye plagi ya pini saba na balbu za wati 21. Nikichomeka ubao ule kwenye soketi ya gari na balbu zikawaka bila kuyumba huku mtu akitikisa waya chini ya bampa, gari halina kosa, tunahamia kwenye tela.

Natumia balbu kwa makusudi. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 1.75, ilhali mita haivuti chochote cha maana. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, lakini ukiutwika balbu unazimia. Mafundi watatu wa ndugu wa Morogoro nadhani walipotelea hapo.

Njia ya mkato kwa asiye na ubao: chukua waya mnene, upeleke kutoka kichwa hasi cha betri hadi chuma kitupu cha tela. Kama taa zitatulia, tatizo ni ethi. Nyongeza ni kuhusu rangi. Kwa plagi zetu za pini saba, mpangilio wa kawaida ni njano kwa indiketa ya kushoto, kijani kwa ya kulia, nyekundu kwa breki, nyeupe kwa ethi, kahawia na nyeusi kwa taa za nyuma. Lakini tela likishapita mikononi mwa watu watatu, rangi hazina uaminifu tena; nimewahi kukuta tela zima limefungwa waya mwekundu mtupu. Pima kila pini.

Mchangiaji, Minnesota

Nipo huku Marekani, na ninavuta tela lenye breki za umeme. Barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu, kwa hiyo ndugu wa Tanga tunaelewana ingawa bahari iko mbali nami. Pikapu yangu ilikuwa inaandika kwenye dashibodi kwamba tela limechomoka, kisha baada ya kilomita mbili inasema limeunganishwa. Nilisafisha plagi, nikabadilisha soketi, nikasafisha ethi, ujumbe ukaendelea. Kosa lilikuwa mahali ambapo jicho halifiki: waya unaopeleka umeme kutoka breki ya gurudumu moja hadi la pili ulipitishwa ndani ya bomba la ekseli, na kwa miaka ulikuwa unacheza humo ukijisugua. Niliuacha humo humo, nikapitisha mpya nje ya ekseli, nikaufunga vizuri. Ujumbe haujarudi.

Mchangiaji, Dodoma

Shikamooni wakubwa. Mimi tela langu linazima taa za kulia siku za mvua tu, na jua likiwaka kwa muda wa saa mbili zinarudi. Ethi nimeisafisha kama mlivyoeleza, bado. Nianzie wapi?

Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam

Marahaba, kijana. Ethi ya tela zima ingekuwa mbovu, na kushoto kungeyumba. Fuata waya wa kulia peke yake kuanzia kwenye taa kurudi nyuma, na kila unapokuta pameviringishwa tepu, fungua. Tepu ya zamani haizuii maji kuingia, inayazuia kutoka.

Mchangiaji, Dodoma

Nimerudi. Chini ya madigadi ya kulia nimekuta uungo mmoja umeviringishwa tepu unene wa kidole gumba. Nilipoufungua maji yakadondoka, ingawa mvua ya mwisho ilinyesha siku sita zilizopita, na waya ulikuwa umesokotwa tu kwa mkono, umekuwa wa kijani na unakatika ukiupinda. Nimekata hadi kwenye shaba safi, nimelehemu kwa risasi na kuvika mpira unaosinyaa kwa moto. Mvua haijanyesha tena huku kwetu, kwa hiyo nimemwagia ndoo mbili za maji huku mdogo wangu akikanyaga breki. Taa ya kulia imebaki inawaka. Ya kushoto ndiyo imezima sasa, nami nimeshaiona tepu yake.