Mjadala: Tuzo za biashara zinamletea mteja mfanyabiashara wa Mombasa, au zinamla pesa tu?

Mtoa mada (Mwembe Tayari):
Shangazi yangu anapika mabuyu na krispi za muhogo. Juzi kapelekewa ujumbe kwamba biashara yake "imependekezwa" kuwania tuzo ya mjasiriamali bora wa Pwani. Kuingia ni bure. Lakini ili aitwe jukwaani ni lazima anunue meza ya watu wanane, kura zinapigwa kwa ujumbe mfupi wa kulipia, na akishinda, nembo ya mshindi ya kubandika kwenye pakiti inakodishwa kwa mwaka. Hesabu yote ni magunia kadhaa ya mabuyu pamoja na sukari yake. Mimi nimemwambia asitoe hata senti. Binti yake ananiona nimepitwa na wakati. Haya, naleta hapa tujadili.

Hoja yangu ni kwamba mabuyu yanaonjwa. Mpita njia anatia moja mdomoni, ikimkolea ananunua, isipomkolea anaenda zake, na kikombe cha ushindi hakibadilishi ladha. Tazameni leso za "Mali ya Abdulla" pale Biashara Street: mtu anageuza pindo, anaona chapa, analipa. Sijapata kusikia mama akiuliza zilishinda tuzo gani. Na hao wateja wakubwa tunaoambiwa watavutiwa, wao wanauliza mengine. Mnunuzi wa supamaketi anataka alama ya ubora ya KEBS na kujua kama utapeleka mzigo kila wiki bila kukosa. Zabuni ya serikali inataka cheti cha KRA cha kutodaiwa kodi, CR12 kama una kampuni, yaani hati inayotaja wakurugenzi na wenye hisa, na cheti cha AGPO kama unaomba ile asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Fomu hizo hazina mahali pa kuandika vikombe.

Mpeleka watalii (Nyali):
Kaka, mabuyu yanaonjwa, safari haionjwi. Mgeni wangu yuko Ujerumani, hajawahi kuniona, na anatakiwa atume pesa miezi mitatu kabla hajakanyaga uwanja wa ndege wa Moi. Atanijuaje kwamba si tapeli? Anatafuta mtu wa tatu wa kuniaminisha kwake. Kwa sisi tuzo inafanya kazi hiyo. World Travel Awards, zilizoanza 1993, zimeitaja Diani mara kadhaa kuwa ufuo unaoongoza Afrika, na sote tunaouza safari za Pwani tukaidandia sifa hiyo, hata sisi wa huku kaskazini ambao Diani tunaiendea kwa feri. Mwulize pia wakala wa forodha: mtu wa Kampala anamkabidhi hati za kontena lake lililoshuka bandari ya Kilindini kwa kuzungumza naye kwa simu tu. Hapo jina lililothibitishwa na mwingine ni mali.

Muuza simu (Digo Road):
Mimi nilishinda. Kikombe kipo juu ya kabati la kioo. Wateja wanauliza kama kinauzwa.

Mhasibu (Moi Avenue):
Mnazichanganya tuzo za aina mbili. Ipo ile orodha ya Top 100 ya kampuni za kati, iliyoanzishwa na kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya KPMG pamoja na Nation Media mwaka 2008. Unaingia kama mauzo yako ni kati ya shilingi milioni 70 na bilioni moja, unatoa hesabu zilizokaguliwa, unapangwa kwa ukuaji na faida. Hapo hakuna shabiki wa kukupigia kura. Benki ikiliona jina lako kule, inajua kuna mtu keshavipekua vitabu vyako. Hii ya Shangazi inapima nani ana ndugu wengi wenye salio kwenye simu.

Swali langu siku zote ni moja: nani anamlipa mtoa tuzo? Michelin ni kampuni ya matairi. Ilitoa kitabu chake cha mwongozo 1900 ili Wafaransa wenye magari watembee zaidi na matairi yaishe, na nyota za mikahawa zikaja 1926. Basi nayo ilikuwa inatafuta biashara yake, si sadaka. Lakini mkaguzi wake anakula bila kujitambulisha, na bili analipa mwenyewe. Ndiyo maana nyota ile ina uzito. Palipo na mshindani anayelipia meza, kura na nembo, mteja wa mtoa tuzo ni yeye mshindani, na mteja huwa hafukuzwi.

Binti wa mwenye mabuyu:
Kaka, unavyosema mtu atadhani mimi ndiye ninayemharibia mamangu. Mabuyu yetu sasa yanakwenda Nairobi kwa basi. Kule pakiti iko kwenye rafu, imefungwa, hakuna wa kuonjesha, na pembeni yake pana pakiti nyingine nne za rangi ileile. Hapo nembo ndogo ya dhahabu inaweza kuuza. Supu ya Campbell ya Marekani ilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris 1900, na duara lile likawekwa katikati ya kopo. Wamelipata mara moja, wamelitumia zaidi ya miaka mia.

Mtoa mada:
Hilo la rafu nakupa, sikulifikiria pakiti iliyofungwa. Lakini Campbell hawakukodishiwa medali kwa mwaka. Hii nembo yenu ikimaliza miezi kumi na miwili, mtaibandua, au mtalipa tena? Kama ni pesa ya kujulikana, kwa nini isiende kwenye banda la Shoo ya kilimo ya ASK kule Mkomani? Vikombe vya mabanda vinatolewa palepale, na hata msipopata chochote mtakuwa mmeuza na kuonjesha siku nzima.

Mpeleka watalii (Nyali):
Kabla ya hapo, dada, waandikie hao wenye tuzo. Majaji ni nani, kundi lenu lina washindani wangapi, na nani alishinda mwaka jana ili mumpigie simu.

Binti wa mwenye mabuyu:
Nimewaandikia asubuhi. Wamejibu haraka sana: wametuma namba ya tili ya kulipia meza.